MALI BILA DAFTARI: Mafunzo ya Kudijitisha Urithi Wetu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa watu wa maduka na mabohari, wenye kuhesabu magunia na marobota. Sisi twaona kwamba hakuna mali inayostahili methali hii zaidi ya ile isiyouzwa dukani, yaani vyuo vya tenzi, barua za maliwali na machifu, majalada ya serikali zilizopita, picha, santuri, kanda za sauti, ngoma na vinyago. Mali hiyo ni ya taifa zima, na kwa kuwa ni ya wote, kila mmoja wetu hudhani kwamba yuko mwingine anayeitunza.

Siku hizi limeingia neno jipya katika maofisi yetu, nalo ni kudijitisha. Maana yake ni kukichukua kitu, kiwe maandishi, sauti au umbo, na kukinakili kwa mitambo hata kikawa tarakimu ambazo kompyuta yaweza kuzihifadhi, kuzionyesha na kuzipeleka mbali. Kazi hiyo ni njema nasi hatuipingi. Tunalolipinga, na ndilo lililotufanya tushike kalamu, ni imani iliyoenea kwamba kudijitisha ni kununua mashine. Twasema, na tutaeleza kwa nini, kwamba kudijitisha ni kwanza kufundisha watu. Mchwa hula ukurasa mmoja mmoja. Mtu asiyefundishwa, akiwa na mashine mkononi, aweza kuliharibu kasha zima kwa asubuhi moja, kisha akaandika ripoti kwamba kazi imekamilika.

Tulicho nacho

Kabla ya kulaumu, yafaa tuhesabu. Watu wengi, na hata baadhi ya walimu, hudhani kwamba sisi ni taifa la masimulizi tu, lisilo na maandishi ya kale. Hiyo ni kasumba, na yafaa tuitapike.

Barua za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana hadi leo ziliandikwa kwa hati za Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 18, na miongoni mwake zimo barua za kutoka Kilwa za mwaka 1711. Barua hizo hazimo Kilwa wala Dar es Salaam. Zimo katika nyaraka za Goa, nchini India, kwa kuwa waliopelekewa walikuwa Wareno. Vyuo vingi vya tenzi vilivyokusanywa na Wazungu kama William Taylor na William Hichens vimo London. Mifupa ya mijusi mikubwa ya kale iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, imo Berlin.

Hata hivyo, vilivyobaki nyumbani si haba. Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam zina majalada ya utawala wa Wajerumani, ambayo mwaka 1997 Shirika la UNESCO liliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwaka 2003 likaingizwa kundi la miswada na vitabu vya Kiarabu vilivyoko Zanzibar. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa pwani katika miaka ya 1960 kwa juhudi za J. W. T. Allen na Waswahili waliofuatana naye nyumba kwa nyumba. Radio Tanzania Dar es Salaam, tangu ilipoanza kuitwa hivyo mwaka 1965, ilirekodi ngoma, taarabu, muziki wa dansi, michezo ya kuigiza, mashairi na hotuba, na kanda hizo zikarithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania. Tena ziko santuri kama zile alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay kuanzia mwaka 1928. Juu ya hayo yote, yako makasha ya watu binafsi, kutoka Mtang'ata hadi Mikindani, na kutoka Pemba hadi Ujiji, ambayo hakuna aliyeyahesabu.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Siku hiyo taifa lilikubali hadharani kwamba urithi huu ni dhamana. Basi suala lililo mbele yetu ni dhamana hiyo imekabidhiwa mikono ya nani.

Kisa cha kasha

Sisi si mabingwa wa mitambo. Elimu yetu iliishia sekondari, na mengine tumeyapata kazini na katika kutunga mashairi. Lakini kwa kuwa tulijulikana kuwa watu wa tenzi, mwaka 2011 tuliombwa na ofisi moja ya umma, ambayo hatutaitaja, tuwasaidie kuwashawishi wazee wa pwani ya kaskazini watoe vyuo vyao vipigwe picha. Tulikubali kwa furaha.

Alikuwako bibi mmoja aliyekuwa na kasha la mvule, na ndani yake vyuo saba vya babu yake vilivyofungwa kwa vitambaa. Bibi hakujua kusoma, lakini alikijua kila chuo kwa kitambaa chake: chekundu ni cha tenzi za vita, cheupe ni cha maulidi, chenye maua ni cha dawa. Tulikaa barazani kwake siku mbili. Mwishoni alisema, "Mwanangu, babu hakuviazima vyuo hivi hata kwa nduguye. Mimi nakupa wewe, siipi ofisi." Tukamwahidi kwamba vitarudi kama vilivyokwenda.

Waliovipiga picha walikuwa vijana watatu, wepesi wa kazi na wenye adabu. Walikuwa wamehudhuria semina ya siku tatu. Siku ya kwanza ilikwisha kwa ufunguzi wa mgeni rasmi na picha ya pamoja, na siku ya tatu ikaishia katika kutoa vyeti na kugawa posho. Ilibaki siku moja, nayo wakaonyeshwa namna ya kuiwasha skana.

Kwa kuwa skana ile ilikuwa ya kufunika, vijana walivikandamiza vyuo juu ya kioo mpaka migongo ikavunjika. Kurasa zilizochomoka walizipanga kwa kadiri walivyoona, maana hakuna kati yao aliyejua kusoma hati za Kiarabu. Vitambaa walivifua, kwa nia njema kabisa, wakavirudisha vimekunjwa pembeni. Picha zenyewe walizikata pambizo ili zipendeze. Basi katika pambizo zile ndimo babu yake bibi na watu wa kabla yake walimokuwa wameandika siku za kuzaliwa watoto, madeni, misimu ya njaa na mwaka wa kuingia ndui. Yote hayo yakakatwa.

Tulipovirudisha, bibi alivigusa kimoja kimoja, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Karatasi ni zile zile, mwanangu, lakini vyuo vyangu sivioni." Hatukuwa na la kumjibu. Miaka miwili baadaye alifariki. Tulipokwenda ofisini kuiomba ile diski ili angalau wajukuu wapate nakala, tulikuta mafaili yameitwa kwa namba zilizotolewa na mashine yenyewe, moja baada ya nyingine, bila jina la chuo, la mji wala la mwenyewe. Sehemu ya mwisho ya diski haikufunguka. Katika ripoti ya mwaka, kazi ile ilihesabiwa kuwa mafanikio.

Hatuwalaumu vijana wale. Walifanya walichofundishwa. Twajilaumu sisi tuliotoa ahadi bila kuuliza mikono itakayoitimiza imefunzwa nini, na twaulaumu utaratibu uliothamini skana kuliko mwanadamu anayeishika.

Kazi yenyewe ni ipi

Mtu akiuliza kuna nini cha kufundisha hata kihitaji miezi, tutamjibu kwa kumpitisha katika kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kukijua kitu kabla ya kukigusa. Chuo hupewa namba, huhesabiwa kurasa, huandikwa hali yake: wapi pana tundu, wapi wino umetafuna karatasi, ukurasa upi haupo. Kazi hii hufanywa kwa kalamu ya risasi na daftari, wala haihitaji umeme. Aliyefundishwa hujua pia kwamba karatasi ya kale hushikwa kwa mikono mitupu iliyooshwa na kukaushwa vizuri, maana glavu huondoa wepesi wa vidole na kurarua pembe. Glavu huvaliwa kwa picha za kamera na vitu vya madini. Wengi hudhani kinyume.

Hatua ya pili ni kupiga picha. Chuo chenye mgongo dhaifu hakifunguliwi mpaka kilale. Huwekwa juu ya kitegemeo chenye mbavu mbili, nayo kamera ikawa juu yake. Hapa tungependa kuwakumbusha vijana kwamba kitegemeo hicho si kigeni kwetu. Kila aliyesoma chuoni alikiona: ni marufaa. Mwalimu wa chuo alimfundisha mtoto wa miaka saba kukiweka kitabu juu ya marufaa na kukifunua taratibu; leo mtaalamu wa ng'ambo akituletea kitu hicho hicho kwa jina la kigeni, tunadhani ni elimu mpya. Kando ya ukurasa huwekwa rula na kibao cha rangi, ili atakayeitazama picha baada ya miaka 50 ajue ukubwa wa ukurasa na rangi halisi ya wino. Na ukurasa hupigwa mzima, pamoja na pambizo zake, pamoja na kurasa tupu.

Hatua ya tatu ni hesabu, na hapa walimu wa hisabati watatuunga mkono. Ukurasa wa kipimo cha A4 ukinakiliwa kwa rangi kamili, kwa nukta 300 katika kila inchi, huzaa takriban nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu. Kila nukta yahitaji baiti tatu. Zidisha, nawe utapata karibu megabaiti 26 kwa ukurasa mmoja. Chuo cha kurasa 200 ni zaidi ya gigabaiti tano, na vyuo 1,000 vya namna hiyo ni zaidi ya terabaiti tano. Hiyo ni nakala moja, na hekima ya kazi hii yataka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja yake ikae mji mwingine. Ofisi isiyofanya hesabu hii kabla ya kuanza hujikuta katikati ya njia imejaza diski zote, na ndipo picha huanza kupunguzwa ubora ili zitoshe.

Hatua ya nne ndiyo daftari lenyewe, nayo ndiyo iliyo ngumu kuliko zote: maelezo ya kila kitu kilichonakiliwa. Kinaitwaje? Nani alikitunga, na nani alikinakili? Ni lahaja gani: Kiamu, Kimvita, Kimtang'ata au Kiunguja? Kilipatikana wapi, kwa nani, kwa masharti gani? Picha isiyo na maelezo haya ni sawa na kitabu kilichotupwa baharini, kwani kipo lakini hakuna atakayekiona. Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu kina matatizo yake, kwa kuwa hati hizo hazikuwa na alama maalumu kwa baadhi ya sauti zetu, na kila mwandishi alikuwa na desturi yake ya kuandika "p", "ch", "g" na "v". Asiyejua hati ataandika juu ya utenzi wa Kiswahili kwamba ni "dua za Kiarabu", na utenzi huo utakuwa umezikwa kwa kosa la maneno matatu. Ndivyo ilivyo pia kwa majalada ya Wajerumani, ambayo mengi yaliandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa kujifunza.

Hatua ya tano ni kulinda. Faili la kompyuta laweza kuharibika kimya kimya, bila tundu wala ukungu. Kwa hiyo kila faili hukokotolewa namba ya ushahidi, mfano wa lakiri ya nta juu ya barua. Namba hiyo hukokotolewa tena kila baada ya muda, na ikibadilika hata tarakimu moja, yajulikana kwamba lakiri imevunjwa na nakala nzima iletwe kutoka kwenye hifadhi nyingine. Kazi hii haina mwisho. Aliyedhani atadijitisha mara moja kisha apumzike hajaijua.

Na hayo ni maandishi tu. Kanda za sauti zina elimu yake. Gundi inayoshika unga wa sumaku katika kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam haina upungufu wa unyevu. Kanda ya namna hiyo hunata, na ikilazimishwa kupita mashineni huacha sauti yake juu ya vichwa vya mashine kama vumbi la kahawia. Baadhi yake huponywa kwa kupashwa joto dogo kwa saa nyingi katika tanuri maalumu. Lakini kanda za zamani zaidi, za asetati, zikipashwa joto hilo huharibika. Nani atazitofautisha? Aliyefundishwa. Wataalamu wa hifadhi za sauti walikwisha onya, na mwaka 2019 UNESCO ikaliunga mkono onyo hilo, kwamba mnamo mwaka 2025 mashine nzima za kuchezea kanda hizo na watu wa kuzitengeneza wangekuwa adimu mno duniani. Mwaka huo umekwisha fika. Kila kanda tunayoiahirisha sasa twaiahirisha kwa hatari.

Majibu kwa wapinzani

Wako wasemao: "Semina ya wiki yatosha." Hawa tunawauliza: je, fundi cherahani hufundishwa kwa wiki? Nahodha je? Mtu tunayemkabidhi suti yetu tunataka awe amekaa na fundi wake miaka. Mtu tunayemkabidhi kumbukumbu ya taifa tunampa siku tatu na cheti. Haraka haraka haina baraka.

Wako wasemao: "Wafadhili watatufanyia." Hatuna ubaya na wafadhili wenye nia njema. Ule mpango wa nyaraka zilizo hatarini ulioanzishwa mwaka 2004 katika Maktaba ya Uingereza una sharti la kusifiwa, kwamba asili hazitoki katika nchi yake. Kwa njia hiyo vyuo vya Msikiti wa Riyadha huko Lamu vilinakiliwa vikiwa Lamu. Lakini Oktoba 2023 maktaba hiyo hiyo ilivamiwa na wahalifu wa kompyuta, na huduma zake nyingi za mtandao zikasimama kwa miezi mingi. Hata tajiri huibiwa. Asiyekuwa na nakala nyumbani, na mtu nyumbani wa kuifungua nakala hiyo, angeambiwa asubiri. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Wako wasemao: "Tukishadijitisha, makaratasi tuyachome tupate nafasi." Hawa ndio hatari kuliko wote. Mwishoni mwa mwaka 1085 mfalme wa Uingereza aliamuru nchi yake ihesabiwe, na hesabu ile ya mwaka 1086 ikaandikwa kwa wino juu ya ngozi. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, Shirika la BBC likatengeneza hesabu mpya juu ya diski za leza, kazi ya fahari iliyoshirikisha wanafunzi wengi wa shule. Haikupita miaka 20, ikawa taabu kupata mashine ya kuzisoma diski zile, hata wataalamu wakalazimika kuziokoa. Kile cha ngozi, chenye zaidi ya miaka 900, bado chasomeka. Nakala ni mlinzi wa asili, tena mlinzi anayehitaji kulindwa.

Wako pia wasemao kinyume, kwamba mitambo ni mambo ya Wazungu na vyuo vyetu viachwe makashani. Hao nao tunawaambia watazame moto. Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro yaliteketea. Aprili 2021 moto ulioshuka mlimani uliunguza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na vitabu vingi vya taaluma za Afrika. Katika Mali, waasi walipoiteka Timbuktu mwaka 2012, miswada iliokolewa kwa kutoroshwa hadi Bamako ndani ya masanduku. Na huko Bamako, tangu mwaka 2013, mafundi wa Mali wenyewe, waliofundishwa na kupewa kamera, wamekuwa wakiinakili. Huo ndio mfano wa kuigwa: mafundi wenyeji, juu ya ardhi yao.

Wa mwisho ni wale wanaosema kwamba akili mnemba itasoma na kuandika maelezo yote, basi kwa nini tumsumbue kijana kujifunza hati? Twajibu kwamba mashine hufundishwa kwa mifano iliyosomwa kwanza na binadamu. Hati ambayo binadamu wa kuisoma wamekwisha haitapata mashine ya kuisoma. Tena nani atakayeisahihisha mashine ikikosea, ikiwa sisi wote tumesahau?

Yanayotupasa

Hatukuandika ili kulalamika tu. Taifa letu lina mahali pa kuanzia. Tangu mwaka 1989 kiko Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka mjini Bagamoyo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Kiko Chuo cha Utumishi wa Umma kinachofundisha utunzaji wa kumbukumbu. Iko Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Msingi umekwisha jengwa, na kwa maoni yetu yafaa ujengwe juu yake kwa mambo manne.

Kwanza, kazi ya kudijitisha itambuliwe kuwa fani kamili, yenye ngazi zake, mitihani yake na cheo chake katika utumishi. Kijana asiitwe mpiga picha wa muda. Aitwe mhifadhi, alipwe kama mhifadhi, na aulizwe kama mhifadhi kitu kikipotea.

Pili, mafunzo yawe ya vitendo kwa miezi, juu ya vitu halisi, chini ya mkono wa fundi. Mwanafunzi asiguse chuo cha asili mpaka awe amezivunja na kuzishona nakala za mazoezi, na asipewe cheti mpaka kundi alilolidijitisha limefunguliwa na mtu mwingine, katika kompyuta nyingine, likaeleweka bila yeye kuwapo. Mtihani huo mmoja ungalituokoa na diski nyingi za bure.

Tatu, hati na lahaja ziingizwe katika mtaala sawa na kompyuta. Wazee wanaojua kusoma hati za Kiarabu katika Kiswahili bado wapo, lakini hupungua kila mwaka. Waitwe vyuoni, walipwe posho ile ile tunayowalipa wageni rasmi, na kila kijana wa kompyuta akae na mzee mmoja. Kijana atajua mashine na mzee atajua maneno.

Nne, lugha ya mafunzo na ya maelezo iwe Kiswahili. Mara nyingi tumeona maelezo ya utenzi wa Kiswahili, uliotungwa na Mswahili, uliohifadhiwa na Mswahili, yakiandikwa kwa Kiingereza pekee, hata mjukuu wa mtunzi akitafuta kwa lugha ya babu yake asipate kitu. Maneno ya fani hii yasiyokuwapo tutayaunda au kuyaazima, kama tulivyofanya katika sheria, siasa na mpira.

Kwenu walimu na wanafunzi tuna neno la mwisho, maana daftari la taifa halianzi Dar es Salaam. Kila shule ina picha za zamani zisizoandikwa majina ya watu. Waulizeni wazee leo, mwandike nyuma ya picha kwa kalamu laini ya risasi, taratibu: nani, wapi, mwaka gani. Kila kijiji kina mzee mwenye kasha. Nendeni kwake, kaeni barazani, mwulizeni kilichomo. Lakini msikiguse wala msimwahidi jambo ambalo mikono yenu haijafunzwa kulitimiza. Sisi tuliahidi hivyo mara moja, na ahadi ile imebaki deni.

Yule Allen na wenzake, katika miaka ya 1960, hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na masikio, subira na daftari. Mwaka 1970 orodha ya miswada waliyoikusanya ilichapishwa, na mpaka leo mtu aweza kuishika orodha ile, akataja namba, akaletewa chuo. Diski ya ofisi tuliyoisimulia ilitengenezwa miaka 40 baadaye kwa mitambo ambayo Allen hakuiota, nayo haiwezi kumpa mtu hata utenzi mmoja. Tofauti ya kazi hizo mbili imo katika watu walioshika kalamu na walioshika skana. Sisi watu wa beti tutaagana nanyi kwa desturi yetu:

Wino wao wafutika, karatasi taabani,
Mchwa nao wamefika, wameingia kashani,
Mitambo tumeiweka, wa kuijua ni nani?
Vijana wakifundika, urithi u salamani.